Nani Aliyeididimiza Ardhi? Historia ya Kitenzi Kisicho na Mtenda

Miongoni mwa vitenzi vya Kiingereza vinavyompa taabu mfasiri wa Kiswahili kimo "subside". Si kitenzi kigumu kukielewa. Taabu yake ni kwamba kinatumika kwa mambo ambayo Kiswahili hakiyapiki katika chungu kimoja: maji ya mafuriko yanapopungua, ardhi inapotitia, nyumba inapozama upande mmoja, uvimbe unaponywea, homa inaposhuka, upepo unapolala, hasira zinapopoa, na ghasia za mjini zinapotulia. Kwa Mwingereza yote hayo yanaweza kuwa tendo moja. Mswahili ana kitenzi kwa kila moja, na anayesema kwamba homa ya mtoto imetitia atachekwa.

Tofauti hii huelezwa kwa kawaida kama suala la wingi wa msamiati: lugha moja ina neno moja, nyingine ina manane. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini hayafiki mbali. Jambo zito zaidi limo katika sarufi. Katika matumizi yake ya kawaida, kitenzi hicho cha Kiingereza hakipokei yambwa. Ardhi huweza kutenda tendo hilo, lakini hakuna anayeweza kuitenda ardhi hivyo. Historia yake ya takribani karne nne, hasa katika Uingereza ya karne ya 19, inaonyesha kwamba kukosekana kwa mtenda katika sentensi kulikwenda sambamba na kukosekana kwake mahakamani, na walioumia ni watu waliokuwa na nyumba juu ya ardhi hiyo.

Kuketi chini

Asili ya kitenzi hiki ni Kilatini, subsidere: sub ni chini, na sidere ni kuketi. Mashapo ya divai yaliketi chini ya mtungi. Askari aliyejibanza akimvizia adui naye aliketi chini kwa kitenzi hichohicho. Kikosi cha akiba kilichokaa nyuma ya mstari wa vita kikisubiri kuitwa kiliitwa subsidium, na kutokana na msaada wa kikosi hicho Kiingereza kilipata neno lake la ruzuku. Mzizi wa kuketi umezaa pia maneno ya Kiingereza ya mashapo, ya makazi, na ya kuongoza kikao. Ni ukoo mkubwa, na wote unatokana na picha ya kitu au mtu aliyeacha kusimama.

Kitenzi kiliingia katika maandishi ya Kiingereza katika karne ya 17, wakati ambapo Kilatini kilikuwa bado lugha ya wasomi wa Ulaya. Kilikuja na harufu ya maabara, kikihusu chembe zinazozama ndani ya kioevu. Tafsiri ya Biblia ya 1611 haikukitumia ilipoeleza jinsi maji ya gharika ya Nuhu yalivyopungua. Ilitumia maneno yaliyokuwa yamezoeleka zaidi. Baada ya hapo maana zikapanuka. Kutoka chembe zinazoshuka ndani ya maji, kikahamia kwa maji yenyewe yanaposhuka, kisha kwa ardhi, kwa upepo, na kwa moyo wa mwanadamu.

Katika safari hiyo yote picha ya awali haikupotea. Ni picha ya chombo kilichotikiswa kisha kikaachwa. Ili mashapo yashuke hakuna anayehitaji kufanya lolote, inatosha kuacha. Aliyekitikisa chombo hatajwi, kwa sababu kitenzi huanza kazi yake baada ya mkono kuondoka.

Kutua, kutuama, kupwa

Kiswahili kina kitenzi kinachokaribia sana picha hiyo, nacho ni kutua. Mchukuzi hutua mzigo, ndege hutua tawini, jua hutua magharibi. Kutoka hapo tunapata kituo, mahali pa kupumzika. Kutulia na utulivu. Na kutuama, hali ya maji yaliyosimama. Maji ya kisima yaliyochafuka baada ya mvua huachwa yatuame, mashapo yakashuka, ndipo yakachotwa. Mrumi angeielewa sentensi hiyo bila shida.

Lakini Kiswahili hakiishii hapo. Penye kutulia pana kutuliza. Penye kupungua pana kupunguza, penye kushuka pana kushusha, penye kupoa pana kupoza, penye kuzama pana kuzamisha, na penye kudidimia pana kudidimiza. Mnyambuliko ni mali ya mfumo mzima wa lugha, hivyo kila msemaji anaposikia kauli ya kwanza anajua kwamba ya pili ipo. Akiambiwa kwamba ukuta umedidimia, swali la nani au nini kilichoudidimiza liko mlangoni tayari, kwa mzizi uleule. Kiingereza hakikosi vitenzi vya kushusha na kutuliza, lakini vina mizizi mingine. Msikilizaji wa "subside" hasukumwi na neno lenyewe kumtafuta mtenda.

Kitenzi kupwa kinasimama peke yake. Katika pwani ya Unguja, maji ya bamvua hupanda na kushuka kwa takribani mita 4, na maisha ya wavuvi, wachokozi wa pweza na wakulima wa mwani hupangwa kwa kujaa na kupwa. Neno pwani lenyewe limetokana na kitenzi hicho: ni mahali pa kupwa. Chombo kilichochelewa kuondoka hupwelewa, kikabaki kwenye mchanga kikisubiri maji. Hakuna anayesemwa kwamba ameipwisha bahari. Kitenzi kinachofanana nacho, kupwaza, kimebaki jikoni, ambako muhogo hupwazwa kwa maji matupu. Na methali husema kwamba maji yakijaa hupwa, kauli ambayo kila mtu wa pwani anaijua na kinyume chake. Kinachokupwa kitajaa tena.

Ni haki kuongeza kwamba kwa maji ya bahari Kiingereza nacho kina kitenzi chake cha kale, tofauti na hiki cha Kilatini. Hata hivyo, Kiswahili kinatupa mizani yenye sehemu tatu: kuna kushuka kunakotokea kwenyewe, kuna kushushwa na mkono wa mtu, na kuna kushuka kunakorudi. Wasomaji wa Kurani wanaikumbuka sehemu ya pili kutokana na kisa cha Qaruni katika Sura ya 28. Humo ardhi haikumtitia Qaruni kwa bahati mbaya. Mtenda anatajwa waziwazi, naye ni Mwenyezi Mungu, aliyemdidimiza yeye pamoja na nyumba yake.

Visiwa vinavyoshuka vyenyewe

Yapo matukio ambayo kitenzi kisicho na mtenda kinayafaa. Mfano mkubwa ni nadharia ya Charles Darwin kuhusu visiwa vya matumbawe, aliyoichapisha mwaka 1842. Darwin aliipata fikra hiyo alipokuwa kwenye pwani ya magharibi ya Amerika ya Kusini, kabla hajaona mwamba wa matumbawe uliokamilika. Mwaka 1835 alishuhudia tetemeko la Chile, na akaona ardhi iliyoinuliwa juu ya usawa wa bahari. Kama sehemu moja ya dunia huinuka, alihoji, nyingine lazima ishuke. Kisiwa cha volkano huzungukwa kwanza na matumbawe yaliyogusana na ufuo. Kisiwa kinaposhuka polepole, matumbawe huendelea kujenga kuelekea juu, na kati yake na nchi kavu hubaki wangwa. Mwishowe kisiwa hutoweka na duara la matumbawe hubaki.

Wapinzani walikuwa wengi, na ushahidi ulichelewa. Kati ya 1896 na 1898 wataalamu waliotumwa na Royal Society ya London walitoboa mwamba wa Funafuti katika Bahari ya Pasifiki wakashuka zaidi ya mita 300, bado wakiwa ndani ya matumbawe. Mwaka 1952, katika kisiwa cha Enewetak, kekee ilifika kwenye jiwe la volkano baada ya kupita takribani mita 1,400 za chokaa ya matumbawe. Darwin alikuwa amekwisha kufa kwa miaka 70.

Nadharia hiyo inawagusa jirani wa karibu wa Waswahili. Katika visiwa vya Ngazija, kisiwa cha Ngazija chenyewe ni kichanga kijiolojia na volkano yake ya Karthala ingali hai, ilhali Maore, kilicho kikongwe zaidi, kimezungukwa na wangwa mpana na ukingo wa matumbawe, kama nadharia inavyotaka. Mwezi Mei 2018 watu wa Maore, wanaozungumza Kimaore, lugha ndugu ya Kiswahili, na Kibushi chenye asili ya Bukini, walianza kuhisi matetemeko mfululizo. Tarehe 15 mwezi huo lilipiga moja lenye ukubwa wa 5.9. Vipimo vya satelaiti vikaonyesha kwamba kisiwa kilikuwa kikisogea mashariki na kushuka. Mei 2019 meli ya utafiti Marion Dufresne ilikuta volkano mpya chini ya bahari, yenye kimo cha mita 800 hivi, takribani kilomita 50 mashariki ya kisiwa. Ilipewa jina la Fani Maoré. Uji wa moto uliotoka chini ya kisiwa na kumwagika baharini uliacha nafasi, na kisiwa kikashuka kwa zaidi ya sentimita 10.

Sentimita hizo ni nyingi kwa mtu ambaye nyumba yake iko ufukoni, kwani maji ya bamvua sasa hufika yasipofika zamani. Lakini hakuna wa kushtakiwa. Kisiwa kimetitia, na Kiswahili kinakubali kuishia hapo.

Chumvi ya Northwich

Hali ilikuwa nyingine huko Cheshire, kaskazini-magharibi ya Uingereza. Karibu na mji wa Northwich tabaka la chumvi ya mwamba liligunduliwa mwaka 1670, na jingine la chini zaidi mwaka 1781. Chumvi hiyo ilipitia bandari ya Liverpool na kwenda mbali, hadi India na Afrika Magharibi. Wachimbaji walitoa chumvi na kuacha nguzo za chumvi hiyohiyo zishikilie paa la mgodi. Maji yalipoingia, nguzo ziliyeyuka.

Kisha pampu zikaongeza madhara. Wenye viwanda waligundua kwamba ni rahisi zaidi kuvuta maji ya chumvi kutoka chini, ikiwemo kutoka kwenye migodi iliyofurika, kuliko kuchimba mawe. Kila yalipovutwa maji yaliyoshiba chumvi, maji baridi yalijaza nafasi yake na kuyeyusha chumvi zaidi. Maji hayo yalisafiri chini kwa chini. Pampu iliyokuwa upande huu iliweza kula chumvi iliyo chini ya nyumba ya mtu wa upande ule, bila mwenye pampu wala mwenye nyumba kuona lolote mpaka ukuta ulipopasuka.

Tarehe 6 Desemba 1880 sehemu kubwa ya ardhi ilianguka ndani ya migodi ya zamani karibu na mji. Kijito kilichokuwa kikimwaga maji huko kiligeuka, na maji ya mto Weaver yakarudi nyuma kuelekea shimoni. Mjini kwenyewe barabara zilibonyea na nyumba ziliinama. Wajenzi walianza kusimamisha majengo ya fremu za mbao, yaliyoweza kuinuliwa kwa jeki ardhi iliposhuka, na baadhi yanaonekana mpaka leo. Mashimo mengine yaligeuka maziwa.

Waathirika walipotafuta haki, walikutana na ukuta wa aina mbili. Wa kwanza ulikuwa wa ushahidi. Pampu zilikuwa nyingi, na maji hayakuwa na alama ya mwenyewe. Wa pili ulikuwa wa sheria. Katika kesi ya Popplewell dhidi ya Hodkinson, mwaka 1869, ilikwisha amuliwa kwamba mtu anayevuta maji yaliyo chini ya ardhi yake hawajibiki ikiwa ardhi ya jirani itazama kwa kupoteza maji hayo. Mwaka 1906, katika kesi ya Salt Union dhidi ya Brunner, Mond, kanuni hiyo ilitumika kwa maji ya chumvi pia. Walioshindwa safari hii walikuwa wakubwa wa biashara ya chumvi wenyewe.

Bunge lilikuwa limejaribu kupata dawa. Sheria ya mwaka 1891 iliruhusu kuundwa kwa bodi za fidia katika maeneo yaliyoathirika, na bodi hizo kuwatoza wavutaji wote wa maji ya chumvi katika eneo lao. Kwa kuwa mkosaji mmoja hakuweza kuonyeshwa, wote walichangia. Ilikuwa suluhisho la busara. Lakini jina la sheria hiyo linastahili kutazamwa kwa makini. Linataja kuvuta maji ya chumvi, na linataja fidia kwa ajili ya kutitia kwa ardhi. Mambo mawili yamewekwa kando kwa kando, bila kitenzi kinachosema kwamba la kwanza lilisababisha la pili. Fidia ililipwa, na hakuna aliyetamkwa kuwa ameididimiza Northwich.

Haingekuwa kweli kudai kwamba sarufi ndiyo iliyowanyima watu wa Northwich haki yao. Fedha, ushahidi na kanuni za mali zilitosha. Lakini neno lililochaguliwa na mahandisi, magazeti na watunga sheria liliikaa vizuri hali hiyo, kwa sababu lilieleza madhara kana kwamba ni tabia ya udongo.

Kutoka mgodini hadi kwenye bima

Neno hilo limehamia sasa kwenye karatasi ambazo Waswahili wengi wa London huzitia saini. Sehemu kubwa ya mji huo imejengwa juu ya udongo wa mfinyanzi, ambao huvimba unapolowa na kunywea unapokauka. Miti mikubwa hunyonya maji yake, msingi hupoteza mhimili, na ufa hupanda ukutani. Kuanzia mwaka 1971 makampuni ya bima ya Uingereza yalianza kuijumuisha hatari hiyo katika bima za kawaida za nyumba. Ukame wa 1975 na 1976 ulipokuja, madai yalimiminika kwa kiwango ambacho hayakukitarajia.

Tangu hapo kila mnunuzi wa nyumba huulizwa kama nyumba iliwahi kutitia. Jibu la ndiyo huipunguza thamani yake na huipandisha bima. Na mfasiri anayemsaidia mzee wa familia kusoma ripoti ya mkaguzi anapaswa kuamua neno. Akisema "nyumba imezama", mzee ataona mafuriko. Akisema "imeporomoka", atadhani imekwisha. "Msingi umetitia" ndiyo tafsiri ya haki, mradi mfasiri aongeze sababu iliyoandikwa: mti wa nani, bomba la nani lililovuja, au ni kiangazi tu. Kwenye sababu ndipo fedha zilipo.

Ghasia zilipotulia

Maana ya mwisho ya kitenzi ndiyo inayomhusu zaidi mwanahistoria. Kwa kuwa moyo unaweza kutikisika kama maji, umati nao unaweza. Ndiyo maana Kiingereza cha magazeti na ripoti hukitumia kitenzi hiki kwa fujo na maandamano, na Kiswahili cha habari hufuata kwa kusema kwamba ghasia zilitulia.

Tarehe 1 Juni 1961 Zanzibar ilikuwa na uchaguzi. Ghasia zilizuka mjini siku hiyo, zikaenea mashamba katika siku zilizofuata. Watu zaidi ya 60 waliuawa, wengi wao Waarabu. Hali ya hatari ilitangazwa, askari waliletwa kutoka Kenya, na mamia ya watu walikamatwa. Serikali ya Uingereza iliunda tume ya uchunguzi chini ya Sir Stafford Foster-Sutton.

Mwandishi anayesema kwamba baada ya siku kadhaa ghasia zilitulia hasemi uongo, kwani mauaji yalikoma. Lakini amechagua kitenzi cha chombo kilichoachwa, na chombo hicho hakikuachwa. Askari walikuwa barabarani. Kiswahili kinampa neno jingine bila kumgharimu chochote: ghasia zilizimwa, au zilitulizwa. Kwa kubadili kauli, msomaji anaelekezwa kuuliza: zilizimwa na nani, kwa njia gani, na nani alibaki bila kuulizwa chochote baada ya bunduki kunyamaza?

Lipo pia la tatu. Miaka miwili na nusu baadaye, Januari 1964, yalikuja mapinduzi, na maelfu ya familia zikatawanyika, nyingine zikaishia Maskati, Dubai na London. Anayetazama 1961 kutoka upande huu wa historia anaweza kusema kwamba uhasama ule haukutulia wala haukuzimika, ulikupwa. Kitenzi cha pwani hakitoi hukumu juu ya nani alikuwa na haki. Kinasema tu kwamba maji yaliyoondoka yalikuwa yangali baharini. Mjadala kuhusu miaka ile ungali mkali nyumbani na ughaibuni, na sehemu ya ukali wake hutokana na vitenzi ambavyo kila upande umevizoea. Wapo wanaosimulia mambo yaliyotokea yenyewe, na wapo wanaosimulia mambo yaliyotendwa.

Kazi ya kamusi na ya mfasiri

Kamusi za Kiingereza na Kiswahili zimekuwa zikipanga visawe vya kitenzi hiki kwa kufuata kinachoshuka: maji, ardhi, jengo, upepo, moyo. Mpangilio huo unafaa na haupaswi kuachwa. Unahitaji kuongezewa swali la pili, kuhusu mtenda. Pale ambapo hajulikani au hayupo, kama Maore, ardhi imetitia. Pale ambapo yupo, hata kama ni kundi la watu wasioweza kutenganishwa, kama Northwich, ardhi imedidimizwa, na kauli ya kutendwa huhifadhi nafasi yake hata jina lake lisipopatikana.

Istilahi za sheria na bima zinazosanifiwa sasa kwa Kiswahili zinaweza kuitumia tofauti hiyo tangu mwanzo. "Kutitia kwa ardhi" na "kudidimizwa kwa ardhi" si visawe, na mkataba unaolipia la kwanza hauna budi kusema kama unalipia na la pili. Migodi, visima virefu na majengo mazito vinaongezeka Afrika Mashariki, na siku nyumba ya mtu itakapopasuka juu ya shimo lililochimbwa na mwingine, itafaa sheria iwe imekwisha kumwekea mchimbaji nafasi katika sentensi.